Sindano Akataa Kuhama Kiti

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Sindano alifagia vipande vya nyuzi chini ya cherehani ya mama yake na kuokota pini zilizodondoka. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe: mwembamba, mkimya, lakini ukimgusa vibaya anachoma. Kisha alikunywa chai wima na kukimbilia kituo cha basi.

Lakini wiki moja hakukimbia. Mwanamume mmoja mwenye tai na mkoba wa ngozi alikuwa akimfuata ndani ya basi kiti hadi kiti, akimshika mkono na kumuuliza anakaa wapi, anarudi saa ngapi. Sindano alipomwambia amwache, abiria mmoja alimgombeza: "Mtoto, waheshimu wakubwa. Anakusalimu tu."

Jioni moja alimweleza mama. Cherehani ikanyamaza.

"Panda basi la saa kumi na mbili kamili," mama akasema. "Utamkwepa."

"Mwenye kosa alale, mimi ndiye niamke mapema?"

"Mwanangu, kinga ni bora kuliko tiba."

"Huko ni kukimbia, mama. Kesho naye akipanda hilo la mapema, nihamie lipi? Mimi sihami."

Mjomba, fundi simu, aliyekuwa akisubiri suruali yake ipunguzwe, akacheka. "Dada, huyu ulimzaa au ulimshona? Hebu nipe ile simu yako ya zamani."

Akaiwekea programu ya usalama. Ukibonyeza kitufe cha sauti mara tatu, hata simu ikiwa mfukoni, watu watatu uliowachagua wanapata king'ora, ujumbe na ramani ya mahali ulipo. Shuleni simu ingekaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Wakaingiza namba ya mama na ya mjomba. Wa tatu, Sindano alimchagua mwenyewe kwenye orodha ya namba za mama: "Dada." Alijua mama ana dada mmoja tu, mama mkubwa, muuguzi asiyeogopa mtu.

Asubuhi iliyofuata, ndani ya basi, mwanamume yule akaketi ubavuni mwake, akambana dirishani. Akamkamata kifundo cha mkono.

"Leo tunashuka pamoja," akanong'ona.

"Sishuki na wewe."

Kidole cha mkono wa pili kilikuwa tayari mfukoni. Moja, mbili, tatu.

King'ora kikalia mbele ya basi, kwenye simu kiganjani mwa kondakta. Mwanamke huyo akaisoma simu yake, akakunja uso. "Nani ananiomba msaada? Ramani inasema yuko humu humu ndani."

Sindano akasimama. "Ni mimi, dada. Huyu amenishika mkono na simjui."

"Ni binti yangu," mwanamume akasema, akitabasamu. "Mkaidi tu."

"Sawa, baba," kondakta akamjibu taratibu. "Binti yako anaitwa nani?"

Mwanamume akafungua mdomo, akaufunga. Abiria aliyemgombeza Sindano akageuka kutazama dirishani.

"Dereva, usifungue mlango," kondakta akasema. "Tupeleke polisi."

Mama alifika kituo cha polisi na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, mjomba nyuma yake akihema. Alipomwona kondakta, alishangaa.

"Huyu ni mteja wangu. Nilimshonea sare hii aliyovaa, nikamwandika Dada kwenye simu. Mama mkubwa nimemwandika Muuguzi."

"Sasa dada yako wa tumbo moja ni Muuguzi, na wa kupimwa kiuno ndiye Dada," mjomba akasema. Hata askari aliyekuwa akiandika maelezo akacheka.

Mama hakucheka. Alimshika Sindano mabega.

"Safari hii kosa limetuangukia vizuri, lakini tusitegemee bahati. Leo tutahakiki namba moja baada ya nyingine, na simu itatoka nyumbani ikiwa na chaji. Jana nilikosea kukuambia umpishe mkosaji. Simu imekuitia watu, lakini wewe ndiye uliyesimama ukasema. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, mwanangu. Ila mkubwa anayekudhuru hana heshima anayokudai. Mkatae, na useme kwa sauti."

"Na kesho, mama?"

"Kesho utapanda basi lako la kila siku, ukae kiti unachotaka."