Ukurasa Ambao Koleta Hakuuelewa

Kila asubuhi Marsiana aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akakimbilia shuleni Kibimba. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Tangu vita na majeshi ya Amini vianze, walimu watatu walikuwa wamekwenda mstari wa mbele. Mwalimu Ildefonsa alibaki akifundisha madarasa matatu peke yake, sauti ikimkauka kabla ya saa sita. Baba yake Marsiana naye aliondoka na mgambo. Miezi minne ilipita bila barua.

Nyumbani, tumaini lililobaki lilikuwa Koleta, dada yake mkubwa, msichana wa kwanza wa kijiji chao kwenda chuo kikuu. Alisomea hisabati na fizikia.

Siku moja Koleta alirudi ghafla, amepanda lori la magunia kutoka Biharamulo. Alikuwa amekonda.

"Tumepewa mapumziko," alimwambia mama, akiangalia chini.

Siku ya nne, Marsiana alitoka shule mchana akaona moshi mzito jikoni. Mama alikuwa katika shamba la kijiji. Koleta alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, akichana daftari na kutia kurasa motoni.

"Dada! Unafanya nini?" Marsiana alilinyakua daftari.

"Niache. Nimefeli." Koleta alilia kwa sauti. "Nimepewa mtihani wa marudio baada ya wiki tano. Nikifeli tena, nafukuzwa. Na nitafeli tu."

"Mama anajua?"

"Nitamwambiaje? Kila siku anasema, baba akirudi atakuta mtoto wake ni msomi."

Marsiana aliketi kando yake. Akafungua ukurasa mmoja. "Nisomee hapa."

Koleta alisoma bila hata kutazama, neno kwa neno: maji yanamiminwa chomboni, tafuta kina chake kinaongezeka kwa kasi gani. Kisha akataja kanuni ndefu.

"Maana yake nini?"

Koleta aliutazama ukurasa.

"Sijui," alisema mwishowe. "Tuko mia mbili ukumbini. Mhadhiri anaandika ubaoni, anafuta, anaandika tena. Sisi tunanakili na kukariri. Sijawahi kuuliza. Niliogopa wenzangu watanicheka, waseme huyu ametoka porini."

"Lakini hapa wanasema maji na chombo," alisema Marsiana. "Maji tunayo."

Alileta mtungi wa mama, wenye tumbo pana na shingo nyembamba. Akamimina kata moja ya maji, akatumbukiza ufito na kutia alama pale ulipolowa. Akamimina kata ya pili, ya tatu. Tumboni, kila kata ilipandisha maji kiasi cha upana wa kidole. Yalipofika shingoni, kata moja tu ilipandisha maji karibu shibiri nzima.

"Maji ni yale yale," Marsiana alishangaa, "mbona sasa yanakimbia?"

Koleta alishika ufito ule, akazitazama alama. "Kwa sababu chombo kimekuwa chembamba," alisema polepole. "Ndiyo kanuni yenyewe! Mwaka mzima nimeiandika, sikuwahi kuiona."

Jioni ile alimweleza mama ukweli wote. Mama aliketi chini, akajifunika uso kwa kanga. Hakugomba. Alisema tu, "Basi soma. Kazi za nyumbani tutafanya sisi."

Koleta alisoma wiki tatu, akichora na kupima kila alichoweza, kisha akarudi chuoni. Kabla ya mtihani alikwenda ofisini kwa mhadhiri wake, Bwana Hatibu.

"Shikamoo, mwalimu. Masomo yako siyaelewi. Wengi wetu hatuyaelewi."

Mhadhiri alikunja uso. "Miaka sita nafundisha. Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Hukutuuliza, mwalimu. Nasi tuliogopa."

Bwana Hatibu akavuta kiti. "Keti. Nionyeshe mlipoachwa."

Barua ya Koleta ilifika Julai, vita vikiwa vimekwisha. Baba alikuwa bado hajarudi. Mama alimpa Marsiana barua ile ampelekee Mwalimu Ildefonsa, naye akalisomea darasa. Koleta amefaulu. Tena Bwana Hatibu sasa anawagawa wanafunzi vikundi vya watu kumi; wanapima na kujadiliana kwanza, ndipo anaandika kanuni. Haondoki ukumbini kabla ya kuuliza nani ameachwa nyuma.

Mwalimu Ildefonsa alikunja barua. "Wanangu, kujifanya umeelewa ni uongo, na wa kwanza kuumia ni wewe mwenyewe. Mwanafunzi aseme ukweli. Na mwalimu naye auulize ukweli huo. Mimi sijawauliza." Akageukia ubao. "Hesabu za sehemu za jana. Nani hakuelewa?"

Marsiana alinyoosha mkono. Nyuma yake ukainuka mwingine, kisha mwingine, hadi mwalimu akaacha kuhesabu. Alichukua kitambaa, akafuta ubao wote, akaanza upya.