Kadi Iliyobaki Mkononi mwa Mama

Haya sikuyasikia sokoni. Boma letu pale Mabanga limepakana na la marehemu Nekesa, na mtoto wake Mukhisa nilimwona akitambaa. Kwa hivyo usiniambie ati ni porojo.

Ilikuwa Jumapili ya kawaida tu. Watu wametoka kanisani, mahindi yameanikwa uani, kuku wanafukuzwa. Mukhisa alikuwa ametoka Kitale kuja kumwona mamake, ambaye ugonjwa wa moyo ulikuwa umemlaza tangu Pasaka. Kijana wa miaka ishirini na sita, karani katika ofisi ya kampuni ya mbegu, shati limepigwa pasi, adabu zake ziko. Ila alikuwa na wazimu mmoja: poka. Si ile ya kwenye sinema, ya kuwekeana pesa. Ni hii yetu, ambapo unaweka kadi inayofanana na iliyo juu kwa picha, kama maua au kopa, au kwa namba, ukikosa unaokota, wa kwanza kumaliza zake ndiye mshindi, na ukibakisha moja lazima useme, "Niko kadi."

Kila siku saa ya chakula kazini, yeye na wenzake walikuwa wakimeza githeri mbio mbio, wakaingia stoo kucheza juu ya magunia ya mbegu. Mwaka mzima hakuna aliyemshinda. Na hiyo sifa ilikuwa imempanda kichwani, wacha nikuambie.

Aliyemfundisha ni mamake huyo huyo, siku za mvua, akiwa mdogo. Jumapili hiyo walicheza juu ya blanketi. Kadi ya juu ilikuwa sita ya maua. Nekesa akafunika kadi yake ya mwisho kwa kiganja, akatazama paa, akatabasamu.

"Niko kadi, papa," akasema. Ndivyo mama wa kwetu anavyomwita mwanawe akimpenda.

Zamu ikawa ya Mukhisa. Mkononi alikuwa na mbili, saba na kumi, zote za maua. Kwa lile tabasamu alijiambia mamake ana ua pia, na kwamba yoyote atakayoweka itampa mama ushindi. Moyo ukakataa. Yeye ashindwe, tena na mgonjwa? Akasimama.

"Mama, nitachelewa Kitale. Tutamaliza Jumamosi."

"Cheza tu hiyo moja, papa. Ni dakika."

"Jumamosi, mama. Nakuapia."

Akatia kadi zake mbili kwa mfuko wa shati. Mama akaweka yake chini ya mto.

Jumamosi ikafika, na vijana wa ofisi jirani wakamwita yeye na wenzake kwa shindano la poka. Mukhisa hakwenda nyumbani. Viola, dadake, akampigia simu.

"Mama anauliza zamu ni ya nani."

"Mwambie ni yangu. Si nitakuja wiki ijayo, bana?" Akacheka. Bado anaukumbuka huo mcheko, na ukitaka kumwona akilia, utaje.

Nekesa alifariki Jumatatu asubuhi, kabla jua halijapanda.

Mimi nilikuwa kati ya wanawake waliomwosha na kumvisha. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefumbwa ngumi. Tulijaribu maji ya moto. Tukajaribu mafuta. Vidole havikufunguka. Viola alikuwa ametafuta ile kadi chini ya mto, hakuna. Tukatazamana. Tukamzika na ngumi yake vile vile.

Wiki mbili baadaye, kama alivyonisimulia mwenyewe, Mukhisa alikuwa kazini. Mchana mvua ikanyesha, wakaingia stoo watatu: yeye, karani mwenzake Kiplimo, na Jepkemboi wa mapokezi. Walitaka tu kumchangamsha, masikini. Kiplimo akafungua pakiti mpya, akagawa.

"Kiplimo," Jepkemboi akasema polepole. "Mbona umegawa nne?"

Kweli. Juu ya gunia la nne, lisilo na mtu, kulikuwa na kadi zimepangwa vizuri.

"Si mimi," Kiplimo akasema. "Nimegawa tatu."

Wakacheka kidogo. Akakusanya, akachanganya, akagawa tena, akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Akaweka rundo chini. Wakatazama gunia la nne.

Halikuwa tupu. Safari hii ilikuwa kadi moja tu, imelala kifudifudi.

Mukhisa akafungua zake. Maua. Zote maua. Harufu ya dawa ya kifua ikajaa stoo, ile ambayo Viola alimpaka mama kila jioni. Gunia likabonyea katikati. Hakuna aliyelikalia.

"Cheza tu hiyo moja, papa."

Sauti ilikuwa ya chini. Ya kuchoka. Jepkemboi alikuwa ameshika mdomo. Kiplimo akamgeukia Mukhisa.

"Papa ni nani?" akanong'ona.

Mukhisa hakuwa amewaambia mamake alimwitaje. Hakuwa amemwambia mtu yeyote pale ofisini.

Alitoka na mvua hivyo hivyo, bila koti. Alasiri nilimwona akipita ua wetu, amelowa chapachapa, wala hakunisalimu. Nikamfuata, maana nilijua si salama. Viola naye akaja. Tulimkuta amepiga magoti kaburini. Akatoa zile kadi mbili alizokuwa akitembea nazo tangu Jumapili ile, akachagua saba ya maua, akailaza juu ya udongo.

"Mama, nimecheza," akasema. "Zamu ni yako. Weka ushinde. Nilikuwa mjinga, mama. Weka tu."

Tukangoja. Hakuna upepo, hakuna ndege. Akalia kama mtoto, tukamshika, tukamrudisha nyumbani. Kadi tukaiacha pale.

Asubuhi tulienda sote watatu. Udongo wa kaburi ulikuwa laini, umesawazishwa na mvua, haujaguswa hata na unyayo wa kuku. Saba ya maua ilikuwa palepale alipoilaza. Kando yake, imetazama juu, kulikuwa na kadi nyingine, imekunjika kama kitu kilichobanwa ngumini siku nyingi.

Tano ya kopa.

Viola hakuelewa. "Si jana usiku ulituambia alikuwa na maua?"

Mukhisa aliketi chini kwenye matope. "Hakuwa nayo," akasema. "Tano ya kopa haikai juu ya saba wala kumi ya maua. Angekosa. Angeokota, tungeendelea kucheza." Akaichukua ile kadi. "Hakuwa anashinda, Viola. Alitaka tu nikae."

Nimezika watu wengi, lakini siku hiyo nililia kuliko ya mazishi.

Mukhisa aliacha poka. Ile kadi anayo Kitale, kwenye droo ya meza yake ya kazi. Kila jioni huinyoosha, akaiweka chini ya faili nzito kabla ya kufunga ofisi. Kila asubuhi huikuta juu ya faili, imejikunja tena vile vile. Mwezi uliopita alinipa niishike. Haikuwa imetoka juani wala mfukoni mwake, ilitoka moja kwa moja kwenye bahasha aliyoniletea.

Ilikuwa na joto, kama ndiyo imetoka mkononi mwa mtu.