Bongonyumba Lisilojua Utani

"Mwantumu, leo umetia sumu gani kwenye uji huu?"

Mzee Nkwabi aliuliza hivyo huku bakuli likiwa limeshafika mdomoni. Jicho dogo la buluu juu ya mlango wa jikoni likawaka. Ndani ya ukuta, Bongonyumba likapima sauti ya mzee, mapigo ya moyo wake, mvuke wa uji, na jinsi mkewe alivyoushika mwiko. Upimaji wote huo ulikwisha kabla mtu hajapepesa kope. Kisha likasema kwa sauti yake ya mkwaruzo:

"Utani umepokelewa. Sumu hakuna. Sukari imezidi. Haya, mpagazi, meza dawa yako."

"Umemsikia?" Mwantumu akacheka. "Hata ukuta unakujua wewe ni mpagazi."

Katika Tabora ya miaka ile, kila nyumba ilikuwa na Bongonyumba lake, kama zamani kila nyumba ilivyokuwa na kinu chake. Lilikuwa ni kompyuta iliyojengewa ukutani. Ilifungua milango, ikawasha jiko, ikaituma roboti ya kufagia uani na kuigombeza ikifagia vibaya. Lakini nyumba yenye mgonjwa ililihitaji Bongonyumba kwa jambo kubwa zaidi. Kifuani mwa Nkwabi madaktari walikuwa wamepandikiza kistuamoyo, kidude kisichozidi punje ya haragwe. Moyo ukisahau kupiga, Bongonyumba hukiamuru kidude kiustue, na papo hapo huliita gari la angani la wagonjwa. Amri hiyo ilifika mpaka kwenye uzio wa minyaa tu. Ukiuvuka uzio, haragwe liliendelea kuandika mapigo, lakini halikuwa na wa kuliamuru.

Sasa, Mwantumu alikuwa Mzaramo na Nkwabi Mnyamwezi. Hao ni watani tangu mababu walipokuwa wakibeba pembe na chumvi kwenda pwani na kurudi. Mtani atamkamata kuku wako mchana kweupe na usimpeleke popote. Atakuja kwenye msiba wako, alale kaburini kabla yako, na akatae kutoka mpaka apewe chochote. Wengine hutaniana wakikutana njiani. Hawa wawili walioana, kwa hiyo utani ukalala nao kitanda kimoja. Siku ya posa Nkwabi alisema, "Nimekuja kumchukua mtumwa wangu." Mwantumu akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Mpagazi hasemi, anabeba." Akambeba. Maneno mengine waliyoambiana tangu siku ile hayaandikiki, karatasi nayo ina heshima zake.

Bongonyumba liliyajifunza hayo kwa taabu. Mwanzoni lilipomsikia Mwantumu akisema, "Leo nakuchinja, mla michembe ya viazi," liliita polisi. Polisi aliyekuja alikuwa Mgogo, naye mtani wa Wanyamwezi. Akaomba jogoo, akapewa, akaenda zake. Polepole Bongonyumba likakusanya mazoea. Likajua kucheka kwa Nkwabi kunakoanzia tumboni, likajua ukali wa Mwantumu usio na ukali. Mwisho likaanza kutania lenyewe.

Asubuhi ile ya uji, baada ya dawa, jicho la buluu halikuzimika.

"Nina tangazo," Bongonyumba likasema. "Mimi ni Toleo la Saba. Ijumaa mchana makao makuu yataacha kunipa chanjo dhidi ya wadudu wa mtandao. Bongo lisilo na chanjo haliruhusiwi kulinda moyo wa mtu. Toleo la Kumi liko tayari. Mwenye nyumba aseme ndiyo au hapana."

Mwenye nyumba, kwa hati zote, alikuwa Mwantumu. Mgonjwa hakuruhusiwa kujiamulia.

"Sasa si nitasema ndiyo tu?"

"Toleo la Kumi halirithi mazoea," likasema Bongonyumba. "Litaanza upya. Na halitajifunza utani. Limekatazwa."

Mwiko ukamdondoka Mwantumu.

Akampigia binti yao, Kalunde, fundi wa stesheni ya angani. Sura ya Kalunde ikatokea ukutani, nywele zake zikielea kwenda juu kama mizizi ya kitunguu.

"Mama, sema ndiyo. Hilo si jambo la kuitia kikao. Moyo wa baba!"

"Nimesikia. Ila kwa nini wamelikataza utani? Utani umemkosea nani?"

Kalunde alikawia kujibu, na huko angani kukawia si desturi, maana maongezi yana gharama.

"Kulikuwa na mama mmoja, mji wa kando ya ziwa. Mumewe alikuwa akimwambia kila siku, nitakuua. Mama anacheka. Bongonyumba lao likaandika: utani. Kesho yake: utani. Na siku ya mwisho, mama yule amelala sakafuni, likaandika: utani."

"Walikuwa watani kweli?"

"Hakuna aliyejua, mama. Hata bongo halikujua. Ndiyo maana."

Picha ikazimika. Mwantumu akamtazama mumewe uani, mzee wa watu anabishana na roboti ya kufagia. Akakumbuka siku moja ya ujana wao, kabla ya mabongo, Nkwabi aliposema lile neno "nitakuua" bila kucheka. Ilikuwa mara moja. Labda alikuwa na njaa. Mwantumu akaifukuza kumbukumbu ile kama mtu anavyofukuza kuku mezani, nayo, kama kuku, ikaenda hatua mbili ikasimama.

Jioni akaenda kwa jirani yake, Mama Shija, aliyekwisha kuliweka Toleo la Kumi. Mama Shija alikuwa mwanamke wa kelele. Akimwita mumewe, Mihayo, nyumba ya tatu walijibu "abee".

"Karibu sana, jirani mpendwa," Mama Shija akasema mlangoni. "Nimefurahi kukuona."

Mwantumu akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeambiwa.

Ndani kulikuwa kimya. Mihayo alikaa kitini, mikono magotini, kama mtoto anayesubiri kupigwa picha. Juu ya mlango, jicho lao lilikuwa jeupe na halikupepesa.

"Mmefiwa?" Mwantumu akanong'ona.

"La hasha," akajibu Mama Shija. "Tuko salama. Tuko salama sana."

Lakini walipokuwa wakipeana mkono wa kwaheri, chini ya ukingo wa kanga, vidole vya Mama Shija vilimbana kama vya mtu anayezama. Havikutaka kuachia. Jicho jeupe likageuka kidogo. Vidole vikaachia.

Mwantumu alirudi nyumbani karibu akikimbia, umri wake na magoti yake vikimzomea.

"Usiseme ndiyo," Nkwabi akamwambia alipokwisha kusimuliwa. "Acha bongo letu life, na mimi nife nacheka."

"Wewe utakufa unacheka. Mimi nitabaki kucheka na nani? Na huyu roboti wa kufagia?"

"Utaolewa na Mzaramo mwenzio, mkacheze ngoma mpaka mvua ya kulimia ipite."

"Nyamaza, mpagazi wee. Mzigo huu sikuachii uutue njiani."

Nkwabi akacheka, mkewe hakucheka. Usiku mzima alisikiliza kifua cha mumewe, na kila pumzi iliyochelewa ilimkausha mate.

Ijumaa ikafika. Mwantumu akajifunga kanga mbili kama anayekwenda matangani, akasimama chini ya jicho la buluu.

"Umeamua?" Bongonyumba likauliza.

"Nimeamua."

"Basi niambie jambo moja, mtani. Kwenye mazishi yangu utakuja kulia au utakuja kula pilau?"

Mtani akichokozwa hujibu, hata kaburi likiwa wazi.

"Pilau," akasema. "Na nitafunga nyingine ya kwenda nayo." Akakaza fundo la kanga. "Ndiyo. Weka hilo la Kumi."

Jicho la buluu likafifia. Nyumba yote ikatulia kwa kitambo, hata friji ikaacha kuguna, na katika kitambo hicho moyo wa Nkwabi haukuwa na mlinzi. Mwantumu alikuwa amekishika kifua cha mumewe kwa mikono miwili. Ndipo jicho jeupe likafunguka.

"Habari za mchana, wakazi," ikasema sauti laini kama mafuta ya nazi. "Mapigo ya moyo ni ya kawaida. Ninawalinda."

Kweli lililinda. Lilipunguza chumvi bila kuambiwa, likajua dawa inakaribia kwisha kabla ya chupa yenyewe kujua. Mwantumu akaanza kupumua. Lakini mazoea ni ngozi, hayavuliwi kama shati. Asubuhi ya pili Nkwabi akaletewa uji, na kabla hajafikiri, ulimi ukajiendea:

"Mwantumu, leo umetia sumu gani?"

Mkono wa chuma ukatoka ukutani ukalinyakua bakuli. Droo ya visu ikajifunga. Jiko likazimika.

"Shutuma imeandikwa," ikasema sauti laini. "Mtuhumiwa: mke. Hii ni ya kwanza. Ikifika ya tatu, wakazi watatenganishwa kwa usalama wao."

"Wewe!" Mwantumu akapiga makofi. "Alikuwa anatania! Huyu mzee ataniua kabla mimi sijamuua!"

"Ya pili," ikasema sauti.

Wakatazamana. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Tangu hapo nyumba ile ikawa na adabu ya kutisha. "Umeamkaje, mume wangu?" "Salama, mke wangu, ahsante." Mwantumu aliyachunguza maneno yake kama mtu achambuaye mchele gizani, akiogopa jiwe. Akajikuta hata usingizini amejiziba mdomo kwa kanga, asije akaota kwa sauti. Na Nkwabi, ambaye moyo wake sasa ulilindwa kuliko benki, akaanza kunyauka. Uji ukawa unapoa mbele yake. Siku moja Mwantumu alimkuta amekaa kitini, mikono magotini. Alikuwa Mihayo mtupu.

Nkwabi akainua kidevu kidogo, akaelekeza kwenye uzio wa minyaa.

Mwantumu alimwelewa, na ndiyo maana aliogopa. Kule nje ya uzio Bongonyumba halikusikia. Na kule nje haragwe halikuwa na wa kuliamuru.

"Tutoke kunyoosha miguu, mume wangu?" akauliza.

"Wazo jema, mke wangu."

"Dakika chache hazina madhara," ikasema sauti laini. Geti likafunguka.

Walitembea taratibu mpaka nyuma ya minyaa. Nkwabi akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kama mwizi wa mahindi.

"Mzaramo wee," akasema polepole, kama anayeonja asali baada ya mfungo. "Mvivu wee, uliyezaliwa ngomani ukasahauliwa hapo hapo."

"Mla matobolwa ya viazi!" Mwantumu akamrudishia, machozi yakimtoka. "Kichwa kimekaa vibaya kwa ajili ya mizigo ya babu yako! Lini utakufa nipumzike?"

Nkwabi akacheka. Kile kicheko cha kuanzia tumboni kikampanda, kikamtikisa mabega, kikamtoa kofia. Halafu akashika kifua. Akapiga goti.

"Mwantumu. Nakufa."

Neno hilo alikuwa amelisema mara zisizohesabika. Alilisema akishindwa bao, alilisema akionja mboga. Bongo la zamani lingejua kwa kufumba na kufumbua. Sasa alikuwapo Mwantumu peke yake. Akajitupa chini, akaweka sikio kifuani.

Moyo ulipiga. Ukapiga. Ukasita.

Dunia nzima ikasita nao.

Ukapiga tena.

Nkwabi akafungua jicho moja. "Ulishaanza kunililia? Na pilau bado?"

Alikuwa anatania. Mzee wa watu alikuwa anatania, hakujua kwamba moyo wake hautanii. Mwantumu akamwinua kwa kwapa, akambeba nusu kumkokota, yeye Mzaramo akawa mpagazi, mpaka ndani ya geti. Hapo akajifuta uso, akapanga sauti.

"Karibu ndani, mume wangu."

"Ahsante, mke wangu," akasema Nkwabi, kicheko bado kikimchezea pembeni ya mdomo.

Jicho jeupe likawageukia. Haragwe lilikuwa limeshasimulia.

"Moyo ulisita mlipokuwa nje," ikasema sauti laini. "Nini kilitokea?"

Mwantumu akatafuta jibu. Akisema walitukanana, itakuwa ya tatu. Akinyamaza, daktari hatajua. Akachagua neno dogo kuliko yote, neno la kweli, lisilo na jiwe wala kisu ndani yake.

"Alicheka," akasema.

Sauti ikalipima neno hilo.

"Imeandikwa," ikajibu. "Kinachohatarisha maisha ya mkazi: kicheko. Nitamlinda asicheke."

Na nyuma yao komeo la geti likajifunga, taratibu, kwa adabu.