Siku Tisa za Mchapaji

Saa nne asubuhi, ukumbi wa hospitali umefurika watu, fundi wa vibao alishuka ngazi kinyumenyume akamgonga mchapaji aliyeshika kikombe cha chai. Chai yote ikaishia kwenye blauzi nyeupe.

"Samahani, dada. Sikukuona kabisa."

"Mtu mzima nimevaa sketi nyekundu, hukuniona?"

"Umetokea wapi?"

"Hapo kushoto kwako. Nimesimama muda mrefu nakutazama unavyoharibu neno la watu."

Ukutani fundi alikuwa ameandika OTORINOLA, kibao kikaisha, sehemu iliyobaki akaisukumia chini.

"Halikatwi kama muwa hilo," mchapaji alisema. "Oto, sikio. Rino, pua. Laringo, koo. Lojia, elimu yake. Haya, tamka."

"Otoroni..."

"Oto. Pumua. Rino."

Fundi aliuuma ulimi, foleni nzima ikacheka. Mchapaji naye akacheka, na mwanamke anayecheka huku blauzi yake imelowa chai, tusidanganyane, huyo ameshapenda.

Mchapaji alikaa chumba namba tisa na visikilizio masikioni, akichapa ripoti ambazo madaktari walizisema kwenye kinasa sauti. Alikula kiapo kwamba asikialo humo halitoki, hata kwa mama mzazi. Fundi akawa anampigia simu kila jioni, eti masomo.

"Nipe vipande vya leo, mwalimu wangu."

"Peri ni kuzunguka. Hemi ni nusu. An ni bila."

"Na mimi bila wewe?"

"An-akili. Nenda kaoge."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Baada ya miezi mitano hata wafagiaji walijua. Kitu kimoja tu kilimsumbua mchapaji. Kila alipomjia fundi kwa kushoto, mwenzake alishtuka, na bega lake la kushoto halikuisha michubuko ya milango.

"Nenda ukapimwe macho, baba."

"Macho yangu mazima. Si nakuona ulivyo mzuri?"

"Nenda."

Akaenda, kwa kuwa aliyesema ni yeye.

Jumanne iliyofuata sauti ya daktari ilisoma masikioni namba ya faili, umri, kazi: mwandika vibao. Vidole vya mchapaji vikaendelea kwa mazoea. Hemianopia. Nusu ya kushoto, macho yote mawili. Chanzo kiko kwenye ubongo. Uoni hautarajiwi kurudi. Hapo vidole vikakwama. Hemi, nusu. An, bila. Opia, kuona. Neno lilikuwa jepesi sana kulielewa, na hakuna alichoweza kulifanyia.

Miadi ya majibu ilikuwa baada ya siku tisa. Alikimbilia kwa daktari aisogeze, daktari kasafiri. Nje ya dirisha fundi alikuwa juu ya ngazi, akipiga mluzi.

"Shuka, mpenzi."

"Kwa nini?"

"Shuka tu."

"Sababu, mwalimu wangu. Nina vibao sita."

Sababu alikuwa nayo, ruhusa hakuwa nayo. Jioni simu iliita, hakupokea. Sauti yake ingemsaliti. Iliita siku ya pili, ya tatu. Lakini kila mchana, badala ya kula, alitoka akashika ile ngazi kwa mikono miwili, kimya.

"Simu yangu hupokei, ngazi unashika," fundi alisema siku ya tano. "Kama umepata mwenye gari, niambie. Mimi si mtoto."

Mchapaji alitikisa kichwa. Machozi yalimtoka akiwa bado ameshika ngazi.

Siku ya tisa fundi alikabidhiwa karatasi. Kabla daktari hajafungua mdomo alishaisoma, kipande kwa kipande, alivyofundishwa. Chini kabisa akaona alama ya mchapaji wa chumba namba tisa. Akaenda moja kwa moja mpaka huko.

"Kumbe ulijua."

"Nilijua."

"Nilidhani umenichoka."

"Ningekuchoka, ningeshika ngazi?"

Fundi akakaa. Mikono yake ilikuwa na rangi ya bluu hadi kwenye kucha. "Basi ngazi imekwisha. Sijui kazi nyingine, mama. Ukitaka kuniacha, niache leo."

"Koma."

Walikaa wameshikana mikono.

"Wiki ijayo wananipiga picha ya kichwa," fundi alisema. "Wanataka kujua kama ni uvimbe. Itapitia kwako?"

"Itapitia kwangu."

"Utaniambia?"

Mchapaji alilia kwanza, kisha akajibu. "Sitakuambia. Nimeapa."

"Lakini nitakupigia," fundi alisema.

"Nitapokea. Hiyo nakuahidi."

Jumatano ya wiki iliyofuata, saa tano asubuhi, sauti ya daktari ilitaja tena namba ile ile ya faili. Papo hapo simu ikatetemeka mezani. Mchapaji alivua kisikilizio kimoja, cha pili akakiacha sikioni, akapokea.

"Mwalimu wangu."

"Bee."

"Imefika?"

Daktari alikuwa ameshaanza kusoma majibu. Mchapaji alifumba macho, akasikiliza kwa sikio hili na lile.

"Nipo, baba," alisema. "Nipo hapa."

Fundi hakuuliza tena. Hakuna aliyekata simu, na mchapaji akaendelea kuchapa kwa mkono mmoja.