Kisanduku Kipya cha Amplifaya ya Kiunga

Jumamosi saa nne asubuhi, amplifaya ya marehemu Kiunga ilikohoa.

Haikuwa imechomekwa kwenye stima. Cicily alikuwa sebuleni kwake pale Mitunguu akisahihisha madaftari ya darasa la nne, na waya yenyewe aliiona imelala sakafuni. Kikohozi kilikuwa cha Maxine, bintiye wa miaka sita, na Maxine alikuwa nje akianika soksi za shule. Wewe na mimi tungetoka mbio. Cicily alisahihisha hesabu mbili zaidi, akafunga daftari. Tangu wamzike mumewe Kiunga mwezi wa tatu alikuwa amekufa ganzi, hata kulia hakulia, na watu wa kanisa walishaanza kumsengenya, kana kwamba machozi huitwa yakaja.

Kisanduku cha zamani kilikuwa cha chuma, kimeliwa na kutu. Gitobu, fundi wa redio na rafiki wa Kiunga, alijitolea kuihamishia amplifaya kwenye kipya. Akauliza kama atumie mbao za mukima, Cicily akasema sawa. Siku hizo alisema sawa kwa kila kitu. Gitobu akahamisha transfoma na nyaya, akakaza skrubu, akapiga vanishi, akairudisha Jumatano ya wiki hiyo ikiwa inang'aa.

Kufikia Jumatatu Maxine hakuwa na sauti. Si mafua, jamani! Mtoto alifungua mdomo aseme "Mami" ikatoka hewa tupu, na papo hapo, kutoka ndani ya zile mbao zilizonuka vanishi na, chini ya vanishi, nywele zilizoungua, sauti yake ileile ikaita, "Mami." Daktari alimulika koo akasema ni zima. Jioni Cicily akampigia Gitobu simu.

"Ulitoa nini kwa kile kisanduku cha chuma?"

"Hakuna kitu, mwalimu. Karatasi tu, ilikuwa imegandishwa ndani ya kifuniko. Ya Kiarabu. Nilidhani ni maneno ya kampuni."

"Iko wapi?"

"Niliuza yote kwa watu wa skrapu. Woi, mwalimu, kwani ni nini?"

Kesho yake, kwa kuitwa na Cicily, akaja Barwaqo, mama mwenye duka kule mjini Maua aliyemuuzia Kiunga ile amplifaya. Alikataa chai. Alisimama mbele ya kabati ilipokaa amplifaya akaanza kusoma aya kwa sauti ya chini, na kadiri alivyosoma ndivyo mbao zilivyozidi kutoa joto na ile harufu kukaba koo, hadi vikombe vikalia kabatini na Maxine akajificha nyuma ya kiti akiwa ameshika shingo yake kwa mikono miwili, huku amplifaya ikicheka kicheko chake cha kitoto, kile cha kutekenywa, bila kupumzika, mpaka Barwaqo akanyamaza, jasho likimtiririka.

"Siwezi," alinong'ona. "Ndugu yangu ndiye alimfungia jini kwa chuma, na ndugu yangu ameshakufa. Nilimwambia mzee wako kile kisanduku kisibadilishwe. Hakukwambia?"

"Hakuniambia." Cicily alingoja hasira ije. Haikuja.

"Huyu lazima awe na nyumba. Anataka kuingia kwa mtoto, lakini mtoto amejaa. Ana michezo, ana machozi ya kumlilia baba yake. Kwa hivyo anamtoa mtoto mwenyewe kwanza, kidogo kidogo, apate nafasi. Ameanza na sauti."

"Na asipopata mtoto?"

"Ataingia popote penye nafasi."

Cicily akamtazama Maxine pale nyuma ya kiti, mdomo wazi, akilia bila mlio. Akainuka.

"Mimi sina kitu ndani," alisema.

"Astaghfirullah! Usiseme hivyo, mwalimu. Rudisha hayo maneno!"

Cicily alishaweka kiganja juu ya mbao. "Karibu," akasema, vile angemwambia mgeni yeyote. "Karibu ndani."

Kicheko kikakatika. Mbao zikapoa.

"Mami!" Maxine alipiga ukelele, kwa koo lake mwenyewe, akaja mbio akamkumbatia kiunoni, analia kwa sauti, anaongea yote aliyoyakosa siku mbili. Cicily akapiga magoti akamshika. Akanusa shingo ya mwanawe, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alihisi kitu.

Ilikuwa njaa.

Barwaqo aliyaona macho yake, akarudi nyuma mpaka mlangoni. "Mwalimu," alisema polepole, "niachie mtoto."

Cicily alitaka kumwachia. Mikono ikazidi kukaza.