Viza ya Nini?

Jumamosi hiyo Muthamia hakukaa kitini. Alitoka ghalani, akaenda langoni, akarudi ghalani. Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa uani. Hema lilikuwa limefungwa kwa kamba, na upepo wa Kibirichia ulilivuta huku na huku. Kesho yake, baada ya ibada, watu wa kanisa wangekuja kumsindikiza Kaari kwa maombi. Jumatano Kaari angepanda ndege kwenda Denmark.

"Baba Kaari, keti unywe chai," mkewe alimwambia.

"Chai itaningoja. Ndege haitangoja."

"Ndege ni Jumatano. Leo unakimbizana na nani?"

Muthamia alikuwa ameshageuka kuelekea langoni. Kaari, binti yake, alikuwa akisomea kilimo katika chuo kimoja mjini Embu. Chuo kilikuwa kimempatia nafasi ya mafunzo ya kazini kwenye shamba la mbegu za viazi huko Denmark. Angefanya kazi mwaka mmoja chini ya mkulima mzoefu, kisha arudi. Shamba lilitaka afike kabla ya kupanda. Asipofika, huenda nafasi angepewa mwingine. Jambo hilo lilimkosesha baba yake raha tangu Krismasi.

Chuo kilisema kibali kitachukua muda. Muthamia hakulipenda neno "muda". Alimtafuta Mutugi, kijana wa mjini Meru aliyeshughulikia safari za watu, akampa pasipoti ya binti yake. Siku moja Mutugi akapiga simu: "Mzee, viza imetoka!" Muthamia akasimama kanisani akatangaza. Watu wakapiga makofi.

Kaari peke yake hakufurahi. Jumamosi hiyo alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni, akigeuzageuza kurasa za pasipoti.

"Baba, hapa nimepewa miezi mitatu tu. Mafunzo ni mwaka mzima."

"Si Mutugi alisema utabadilisha ukifika?"

"Alisema. Lakini sioni popote palipoandikwa kazi, wala mafunzo."

"Kaari, viza ni viza! Ukishaingia umeingia."

Akachukua kofia yake, akateremka mjini Meru kuchukua nyama.

Bucha ya Kasim ilikuwa nyuma ya soko. Kasim na Muthamia walifahamiana tangu ujana.

"Nyama yote hii!" Kasim alimtania. "Kwani umealika Kibirichia nzima?"

"Wewe kata nyama, Kasim. Binti anaondoka Jumatano. Viza imetoka."

Latifah, binti wa Kasim, alikuwa kwenye benchi akinywa chai. Alifanya kazi katika chuo cha Kaari, akiwatafutia wanafunzi nafasi za mafunzo, na alikuwa amekuja nyumbani kwa wikendi. Aliweka kikombe chini.

"Viza ya nini, mzee?"

"Ya Denmark."

"Hiyo nimesikia. Nauliza ya kufanya nini."

"Ya... ya kuendea huko!"

"Mzoee tu," Kasim alicheka. "Huyu hata nyama huiuliza ilikotoka."

Latifah hakucheka. "Mzee Muthamia, mimi ndiye niliyempatia Kaari nafasi ile. Nimemwomba pasipoti mara nyingi ili tuombe kibali. Kila mara alinijibu kwamba iko kwa mtu. Mtu huyo ni nani?"

Muthamia alimweleza habari za Mutugi.

"Tatizo ni hili neno viza," Latifah alisema. "Huku kwetu tunalitumia kwa kila karatasi ya kusafiria. Ile aliyopewa Kaari ni viza ya mgeni. Mgeni hutembea, huona watu, kisha hurudi. Haruhusiwi kufanya kazi, hata ya mafunzo, hata bila mshahara. Anayekwenda kufanya mafunzo shambani anahitaji kibali cha kukaa na kufanya kazi. Na kibali hicho huombwa kabla ya kuondoka."

"Na Kaari akienda na hii aliyo nayo?"

"Kwenye uwanja wa ndege wanaweza kumuuliza anakwenda kufanya nini. Akisema mafunzo, atarudishwa. Akisema anatembea, amedanganya. Na akikutwa akifanya kazi shambani, atafukuzwa nchini, na huenda akazuiwa kurudi kwa miaka. Mwenye shamba naye anaweza kushtakiwa."

Muthamia alitoa simu mfukoni. Latifah akaongeza, "Muulize huyo Mutugi kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mtu anayepeleka wengine kazini ng'ambo lazima asajiliwe."

Muthamia alitoka nje, akapiga simu.

"Mutugi, Kaari akiulizwa uwanjani aseme nini?"

"Aseme anatembelea rafiki, mzee. Kila mtu hufanya hivyo."

"Kwa hiyo adanganye."

"Si kudanganya, mzee. Ni kunyamaza kidogo."

"Na wewe umesajiliwa na Mamlaka ya Ajira?"

Simu ikakatika. Alipiga tena. Haikushikwa.

Ng'ambo ya barabara, wachuuzi walikuwa wakishusha magunia ya shangi, viazi vya kula. Muthamia aliyatazama. Yeye alikuza viazi vya mbegu. Kila msimu wakaguzi walipita shambani mwake, na gunia lililofaulu lilifungwa lebo yao. Msimu uliopita mchuuzi mmoja alitaka kununua viazi vya kula akaviuze kama mbegu. "Mzee, viazi ni viazi," alisema yule mchuuzi. Muthamia alimfukuza hadi langoni.

Viazi ni viazi. Viza ni viza. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameyasema maneno ya yule mchuuzi kwa kinywa chake mwenyewe.

Alirudi ndani. "Latifah, tufanye nini? Wakipanda kabla hajafika?"

"Siwezi kukuahidi kitu, mzee. Leo nitaliandikia shamba niwaombe wamngoje. Ubalozi tutauambia ukweli, tuombe viza hii ifutwe. Kisha tutaanza upya, kwa njia inayofaa."

"Na nyama?" Kasim aliuliza, kisu mkononi.

"Kata. Watu wamealikwa."

Jumapili Muthamia alisimama mbele ya viti vya kukodi. Kofia ilizunguka vidoleni mwake.

"Niliwaambia viza imetoka," alisema. "Ni kweli, lakini si inayomfaa. Kaari haondoki Jumatano. Haraka ilikuwa yangu, si yake."

Kisha mzee Hezekiah akauliza kutoka nyuma, "Kwa hiyo hatuli?"

Watu wakaangua kicheko. Hata Kaari alicheka, ingawa macho yalikuwa mekundu.

Jumatatu Kaari alikwenda Embu. Chuo kilimwandikia barua ya kuthibitisha masomo yake. Mkataba wa mafunzo ukatiwa sahihi na pande zote mbili. Shamba likajaza sehemu yake ya maombi, naye akajaza yake, ada ikalipwa. Kisha akaenda Nairobi kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Viza ya mgeni ilifutwa.

Kilichobaki ni kungoja. Muthamia alingoja kwa miguu, kutoka ghalani hadi langoni. Shamba lilijibu kwamba lingemngoja Kaari, ila kupanda hakungeahirishwa. Ikawa hivyo. Walipanda bila yeye, na somo hilo likampita.

Viazi vya Denmark vilikuwa vimeota kibali kilipotoka. Latifah aliwasomea kwa simu: jina la Kaari, jina la shamba, muda wa mafunzo. "Ni kwa shamba hili tu," alisema. "Akitaka kuhama, ataomba kingine kwanza." Safari hii hapakuwa na hema. Mama yake alimpondea mukimo wa viazi na mahindi, wakaomba, akaondoka.

Alipofika alipiga simu. "Baba, uwanjani wameniuliza nimekuja kufanya nini. Nimewaambia, nikawaonyesha kibali. Kesho mwenye shamba ananipeleka kuandikisha anwani yangu."

"Wamekuuliza hilo tu?"

"Hilo tu."

Wiki moja baadaye jirani yao Rwamba aliingia uani akihema, simu mkononi. Mwanawe alikuwa akitafuta kazi Uarabuni.

"Muthamia! Viza ya kijana imetoka! Nakwenda kutangaza kanisani."

Muthamia aliweka chini gunia la mbegu. Akavuta viti viwili, akaketi kwenye kimoja.

"Keti kwanza, Rwamba," alisema. "Viza ya nini?"