Koti Lenye Uzi wa Kijani

Mama mkubwa ni fundi cherehani, na hana mazoea ya kutia chumvi. Aliyonisimulia nayaandika kama alivyoyasema.

Asubuhi ile alikuwa barazani akishona sketi za shule. Chumbani alilala bibi, mgonjwa wa siku nyingi. Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake, Kitinda, nesi wa ughaibuni aliyeondoka nyumbani kwa ugomvi na hakurudi tena.

“Dada, ndiyo tunaingia ndegeni. Kilomita elfu saba, masaa tisa angani. Magharibi niko hapo. Mwambie mama anisubiri. Nataka radhi yake tu.”

“Njoo, mdogo wangu. Anakungoja wewe tu.”

Jua halijafika utosini, mtu akabisha hodi. Ni Kitinda. Alivaa koti zito ambalo mama mkubwa alimshonea na kumtumia.

“Ee! Ndege yenu ilikimbizwa na nyuki?”

Mgeni hakucheka. “Mama yuko wapi?” alinong’ona.

Alitundika koti msumarini, akaingia chumbani, akafunga mlango. Kwa joto lile, hakuwa na tone la jasho.

Mama mkubwa akashika koti alikung’ute vumbi. Lilikuwa baridi kama nyama ya jokofuni.

Akafungua simu, kwenye ramani ya kufuatilia ndege. Ndege ya Kitinda ilionekana. Juu ya bahari. Hata nusu ya njia haijafika.

Minong’ono chumbani ikakoma.

Akasukuma mlango. Bibi alikuwa peke yake. Dirisha lina nondo, zote mahali pake.

“Mama, Kitinda yuko wapi?”

“Nimempa radhi, ameniaga.” Bibi alitabasamu. “Amekwenda kumpokea mwenzake.”

Mama mkubwa alipiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena. Na tena.

Magharibi teksi ikasimama. Kitinda akashuka, jasho linamtoka, koti mkononi. Alikimbilia chumbani, akapiga magoti, akashika kiganja cha mama yake.

Bibi akakichomoa taratibu.

“Mwanangu alikuja mchana. Yeye ana mikono ya baridi.”

Akageukia ukutani. Hakusema neno tena mpaka alipokata roho.

Simlaumu bibi. Aliyengoja miaka mingi humkumbatia wa kwanza kubisha.

Koti la mgeni lingali msumarini. Mama mkubwa alishona moja tu. Uzi mweusi ulimwishia, kifungo cha mwisho akakishona kwa uzi wa kijani. Makoti yote mawili yana kifungo hicho. La Kitinda lina pia doa kifuani, kahawa aliyomwagiwa na abiria wa kando, juu ya bahari.

Nimelishika lile la msumarini. Mpaka leo ni baridi kote, isipokuwa kifuani, penye doa kama hilo. Hapo ni pa moto, na pamelowa.